Kisamvu Chenye Gesi

Nchi ambayo habari zake nazisimulia hapa haina jirani, kwa sababu kila jirani aliyeulizwa amekana. Jina pia haina. Lililokuwepo lilifutwa wakati wa mabadiliko ya katiba, na kamati iliyoteuliwa kutafuta jingine bado inalipwa posho. Ni nchi yenye amani, yenye mito, na yenye Wizara ya Chakula na Vinywaji. Nitaeleza yale tu yanayopatikana katika machapisho rasmi ya wizara hiyo, ambayo hayajawahi kusema uongo, kwa kuwa wizara hiyohiyo ndiyo iliyopewa jukumu la kuamua uongo ni nini.

Wizara ilikuwa na historia ndefu ya kuwaletea wananchi vitu ambavyo wananchi hawakuviomba. Ilianza na biskuti za dagaa zenye jamu. Zikafuata maziwa ya mgando yenye kitunguu saumu, kisha kahawa ya magunzi ya mahindi, ambayo ilisifiwa sana na watu wasiokunywa kahawa. Kila bidhaa ilizinduliwa kwa ngoma na kufutwa kimyakimya, na kila mara tume ya uchunguzi ilifikia hitimisho lilelile: bidhaa ilikuwa bora, ila walaji hawakuwa tayari.

Kisha ikaja Tunu.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mlezi wa Taifa, kwa kuwa neno rais lilionekana kudokeza kwamba ipo siku ataondoka. Mchana mmoja alikuwa akila na mawaziri wake, akaletewa kisamvu cha nazi. Alikula, akashiba, akajifuta mdomo, akasema, "Kisamvu kilivyo laini hiki, mtu angeweza hata kukinywa." Baada ya hapo alipiga mwayo, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mwayo ndio uliokuwa kauli yenyewe. Lakini mawaziri walikuwa wameshatoa kalamu. Mmoja aliuliza kama kinywewe moto au baridi. Mlezi, ambaye usingizi ulikuwa umeanza kumchukua, akajibu, "Baridi." Mwingine akauliza kuhusu gesi. Mlezi alikoroma, na mkoromo ukahesabiwa kuwa ridhaa.

Kiwanda kilijengwa kwa mkopo. Tunu ilikuwa kinywaji cha kijani kibichi kilichotengenezwa kwa majani ya muhogo, sukari, chumvi kidogo na gesi nyingi, chenye mashapo ambayo hayakukubali kuchanganyika hata chupa itikiswe namna gani. Majaribio ya ladha yalifanyika mezani kwa Mlezi mwenyewe. Waonjaji, wakiwa wageni katika nyumba ya mtu, wote waliomba waongezewe. Mmoja alizimia, na taarifa ya maabara ikaandika kwamba ni kwa furaha.

Mabango yalipandishwa nchi nzima: *Tunu: Inywe Nchi Yako.* Wananchi waliinunua siku ya kwanza kwa udadisi, na siku ya pili hawakuinunua. Wenye baiskeli waligundua kwamba inaondoa kutu. Wenye mbuzi waliwapa mbuzi, na mbuzi, ambao katika nchi hiyo hula hata mabango ya uchaguzi, walirudi nyuma hatua kadhaa na kumtazama mwenye nyumba kwa huzuni. Tume ikaundwa. Ikazunguka nchi nzima kwa magari mapya na kurudi na ripoti nene iliyothibitisha kwamba tatizo ni ulimi wa mwananchi, uliodumazwa na ukoloni, na kupendekeza ulimi huo upewe semina.

*

Mameneja watatu wa masoko wa shirika lililotengeneza Tunu walipita. Wa kwanza alipelekwa masomoni, ingawa nchi aliyopelekwa haikutajwa. Wa pili alipumzishwa. Wa tatu alipumzishwa zaidi. Wa nne alikuwa Ndugu Anaklet Mgaya, mtu wa makamo, mpole, mwenye shahada na shati moja la maana, na aliitwa na Waziri wa Chakula na Vinywaji, Mheshimiwa Daktari Lutufyo, asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini.

"Ndugu Mgaya, umeoa?"

"Nimeoa, Mheshimiwa."

"Mtoto?"

"Mmoja, Mheshimiwa. Binti. Anaitwa Sikitu."

"Vizuri. Mwenye familia huwa hasinzii kazini." Waziri alifungua dirisha. Chini yake ghala la shirika lilikuwa limejaa hata makreti yakamwagikia uani, yakaipita bustani, yakalifikia geti. "Mlezi atalikagua ghala hili Siku ya Mavuno. Akilikuta hivi, nitaaibika. Mimi nikiaibika, wewe utapumzishwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa."

"Kunywa Tunu kidogo basi, koo linaonekana limekukauka."

Anaklet alikunywa. Alitoka ofisini akiwa amefumba mdomo, akapita makarani wawili bila kuwaitikia salamu, nao wakaandika katika taarifa zao kwamba meneja mpya ana majivuno.

*

Wokovu wake ulitokana na kifo cha baba mkwe.

Hapa sina budi kueleza desturi moja ya watu hao. Chakula cha msibani hakikataliwi wala hakikosolewi. Hata ugali uwe mbichi, hata maharage yawe na mawe, mwombolezaji hula, hushukuru na kusema, "Kimekolea." Sababu yake si adabu pekee. Watu hao wanaamini kwamba anayekitema chakula cha msiba ndiye aliyemla marehemu, kwani ameshiba tayari. Kwa hiyo katika misiba yao hula wenye njaa, hula walioshiba, na hula kwa bidii zaidi wale waliokuwa na ugomvi na marehemu.

Mwezi huo shirika halikuwa na fedha za mishahara, hivyo lililipa kwa makreti. Mchango wa Anaklet katika msiba wa mkwewe ukawa, bila yeye kupenda, lori zima la Tunu. Mkewe, Leokadia, alimkuta jikoni nyuma ya nyumba akifungua chupa.

"Baba Sikitu, ndicho unachompa baba yangu hicho? Maji ya kuogeshea mbuzi?"

"Mama Sikitu, sikuwa na kingine."

"Juzi nilikimwaga kwenye mchicha. Mchicha umeomba talaka."

"Punguza sauti, watu watasikia."

"Wasikie! Baba amekufa mara moja kwa presha, sasa wewe unamuua mara ya pili kwa kisamvu."

Lakini Anaklet hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akitazama uani. Mamia ya waombolezaji walikuwa wameketi kwenye mikeka, kila mmoja na chupa ya kijani mkononi. Walikuwa wakimeza. Walifumba macho, mishipa ya shingo ikawatoka, na walipofumbua macho walisema mmoja baada ya mwingine, "Kimekolea." Bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alikuwa ameimaliza yake.

Anaklet alimwendea. "Nikuongeze, bibi?"

Machozi yakamlenga yule bibi. Aliwatazama majirani zake kulia na kushoto, nao walikuwa wakimtazama yeye.

"Niongeze, baba," alisema. "Marehemu alikuwa mtu mwema."

*

Ugunduzi huo uliitwa Mkakati wa Faraja. Ilitangazwa kwamba kuanzia hapo hakuna maiti itakayopewa kibali cha kuzikwa mpaka wafiwa waoneshe makreti. Chai ilipigwa marufuku misibani kwa sababu za usalama. Katika hotuba yake kwa taifa, Waziri Lutufyo alisema serikali haiwezi kukaa pembeni na kuwaacha wananchi wakiomboleza kiholela, na kwamba machozi yasiyosindikizwa na bidhaa ya ndani ni machozi yaliyopotea kiuchumi. Alipigiwa makofi kwa muda mrefu, kwani mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa.

Ghala likaanza kupungua. Geti lilionekana tena, kisha bustani. Anaklet alinunuliwa gari, na shati la pili.

Tatizo lilizuka mahali ambapo wanauchumi hawakulitazamia. Mvua zilinyesha vizuri mwaka huo, watoto walinenepa, wazee waliacha kukohoa, na takwimu za vifo zikashuka vibaya sana. Waziri wa Afya aliitwa mbele ya Baraza la Mawaziri kujieleza. Alikiri kwamba kulikuwa na uzembe. Aliahidi kuondoa vyandarua katika wilaya zilizo nyuma, na kuwapeleka madaktari wenye bidii kwenye kozi ndefu. Wilaya iliyoongoza kwa misiba ilipewa kikombe, ambacho mkuu wa wilaya alikipokea kwa unyenyekevu, akisema ushindi huo si wake peke yake bali ni wa marehemu wote.

Hata hivyo Siku ya Mavuno ilikuwa inakaribia, na sakafu ya ghala ilikuwa haijaonekana. Mtaalamu mmoja alilieleza Baraza kwamba kasoro ilikuwa katika ubora wa maiti. Mkulima akifa, alisema, huja ukoo wake tu. Diwani huzikwa na tarafa. Lakini shujaa wa taifa huombolezwa na nchi nzima, mchana na usiku, mpaka kreti la mwisho.

Mawaziri wakatazamana.

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Baraza hilo kwa unyenyekevu kuzuka ghafla namna ile. Waziri wa Ulinzi alisema yeye ni mtu mdogo sana. Waziri wa Fedha alisema yeye hata kijijini kwao hawamfahamu. Waziri wa Utamaduni alithibitisha kwa mashahidi kwamba hana mchango wowote. Daktari Lutufyo aliwasikiliza wote, kisha akasema kwa upole kwamba shujaa si lazima awepo. Anaweza kutengenezwa, kama bidhaa nyingine yoyote, na kwamba katika shirika lake kuna mtu mwenye sifa inayofaa, nayo ni kwamba hakuna atakayemuulizia.

*

Nishani ya kwanza Anaklet aliipokea kwa machozi. Ya pili aliipokea kwa hotuba. Mtaa ulipewa jina lake, na daraja, na aina fulani ya mihogo. Redio ilisimulia jinsi alivyozaliwa wakati wa radi. Vijana walifundishwa wimbo wa sifa zake, ambao kiitikio chake kilikuwa katika wakati uliopita.

Jioni moja Leokadia alimsubiri mlangoni.

"Baba Sikitu, amekuja fundi leo. Mpole, ana futi ya kupimia. Ameniuliza kimo chako."

"Ni cha sanamu hicho. Waziri aliniambia."

"Ameuliza na upana wa mabega."

"Sanamu ina mabega, mke wangu."

"Akauliza kama unapenda mto laini." Leokadia alimtazama mumewe kwa muda. "Sanamu gani hiyo inayolala, Anaklet?"

Alicheka, akamwambia kwamba wanawake hawaelewi mambo ya heshima ya taifa. Kesho yake, akiwa njiani kwenda kazini, aliiona shule mpya iliyojengwa kwa heshima yake. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi akimalizia ubao: *Shule ya Msingi Hayati Anaklet Mgaya.*

"Wewe!" Anaklet alipiga kelele. "Mimi si hayati!"

Mchoraji alishuka, akavua kofia kwa adabu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Samahani sana. Niliambiwa rangi itapanda bei mwezi ujao, ndiyo maana nikawahi."

*

Aliyetakiwa kufa kwa sababu ya heshima yake hana dawa ila kuipoteza. Anaklet aliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu msomi. Kwanza aliiba. Alichota fedha za shirika mchana kweupe mbele ya makarani, na jioni taarifa ya habari ilimsifu kwa kuonesha sifa za uongozi wa juu. Aliingia bungeni amelewa, lakini hakuna aliyeona tofauti. Alimtukana askari wa barabarani, naye askari akampigia saluti, maana ni wakubwa tu wanaotukana kwa kujiamini namna ile. Kila alipojichafua walimpandisha cheo, na kila cheo kiliongeza mkoa mmoja katika ratiba ya maombolezo.

Alirudi nyumbani akaketi jikoni, mahali pekee ambapo picha yake haikutundikwa.

"Nimeshindwa," alimwambia mkewe. "Katika nchi hii hakuna jambo la aibu."

Leokadia alikuwa akichambua mchele. Sikitu alikuwa amelala kwenye mkeka miguuni pake.

"Lipo moja," alisema.

"Lipi?"

"Nenda msibani. Kiteme."

Anaklet aliinuka akafunga mlango.

"Kiteme mbele ya watu, useme ni kibaya," Leokadia aliendelea, bila kuinua macho kwenye ungo. "Hata mbwa watakudharau. Hakuna atakayeweza kukuita shujaa tena. Na asiye shujaa, wana haja gani naye?"

"Watasema mimi ndiye niliyemroga marehemu."

"Waseme. Mchawi huhamishwa kijiji, basi. Tutahama. Nitakubeba na masufuria yangu na mtoto wangu. Kwani wewe unataka jina la shule au unataka kuzeeka?"

"Nataka kuzeeka, Mama Sikitu."

"Basi kesho wanamzika diwani wa kule sokoni. Vaa lile shati la zamani."

*

Diwani alikuwa mtu wa watu, na uwanja ulijaa. Makreti yalishushwa, chupa zikagawiwa, na mgeni rasmi, ambaye alikuwa Anaklet, akaombwa kufungua unywaji. Alisimama. Alikunywa funda moja kubwa. Kisha akainama na kulitema, lote, juu ya nyasi, mbele ya jeneza, mjane, mapadri na mashekhe.

"Ndugu zangu," alisema, "kitu hiki ni kibaya. Kilikuwa kibaya tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyewauzia. Nyinyi mnajua ni kibaya, na mimi najua kwamba mnajua. Tukimwage, twendeni nyumbani tukanywe chai."

Wote walinyamaza, na wataalamu wa masoko wangepaswa kuusoma ukimya huo vizuri zaidi. Miongoni mwa waombolezaji hao hapakuwa na hata mmoja aliyeipenda Tunu. Kila mmoja alikuwa ameinywa kwa uchungu katika msiba wa mama yake, wa kaka yake, wa mtoto wake. Sasa walikuwa wakiambiwa kwamba haikuwa lazima. Hilo halivumiliki. Ni afadhali yeye awe mchawi.

"Kakitema!" mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Jamani, kakitema!"

"Ameshiba huyo! Ndiye aliyemla diwani wetu!"

"Na mkwewe alimla yeye! Mimi nilikuwepo, niliona anavyogawa chupa anacheka!"

"Baba, tuambie vizuri," alisema yule bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa amesogea karibu. "Mimi nilikunywa mbili. Unasema nilikunywa bure?"

Anaklet alifungua mdomo kumjibu, na bibi akawa wa kwanza kumpiga. Wengine walifuata kwa utaratibu, wakianza na jamaa wa karibu wa marehemu. Chupa za Tunu, kama wizara ilivyokuwa ikisisitiza siku zote, zimetengenezwa kwa kioo imara. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo mlaji aliithibitisha kauli hiyo kwa hiari yake.

*

Yalizuka maswali ya kiutaratibu. Je, mchawi aliyeuawa na wananchi kwa utovu wa adabu anastahili maombolezo ya kitaifa? Waziri wa Sheria alidhani hapana. Daktari Lutufyo alikumbusha kwamba ratiba imeshachapishwa, magari yameshakodiwa, jeneza limeshatengenezwa kwa vipimo halisi, na ubao wa shule hauna kosa tena. Ilitangazwa kwamba shujaa ameanguka akiwa kazini, mikononi mwa wateja wake.

Nchi nzima iliomboleza. Sijasoma popote habari za unywaji kama ule. Watu walikunywa chupa mbilimbili, tatutatu, wakilaza na kusimamisha chupa ili mashapo nayo yasibaki, kwani marehemu alikuwa amewaaibisha hadharani, nao walitaka ionekane kwamba wamelelewa. Kabla ya Siku ya Mavuno sakafu ya ghala ilionekana, ikafagiliwa. Mlezi wa Taifa alitembea ndani yake, mikono nyuma, akasikiliza mwangwi wa viatu vyake, akaamuru kiwanda kiongezewe mashine ili kizalishe maradufu.

Jioni ya mwisho ya matanga Waziri alifika mwenyewe nyumbani kwa mjane, akiwa na wapigapicha na chupa moja ya baridi. Leokadia alikuwa ameketi chini, na Sikitu amejibanza ubavuni mwake. Uwanja wote ulikuwa umegeuka kumtazama. Mstari wa mbele alikuwepo bibi mwenye miwani ya uzi.

"Pole sana, Mama Sikitu," alisema Waziri, akimpa chupa. "Baba yake Sikitu alikuwa hazina. Kunywa kidogo, upate nguvu ya kumlea huyu."

Alimgusa mtoto kichwani, na mkono wake haukuondoka upesi.

Leokadia aliipokea chupa kwa mikono miwili. Aliinywa taratibu mpaka chini, na mashapo, asifumbe macho. Aliwatazama waombolezaji kulia na kushoto.

"Kimekolea," alisema.

Umati ulipumua. Wapo waliolia kwa faraja. Waziri mwenyewe alionekana kuguswa. Alimnong'oneza msaidizi wake jambo, msaidizi akafungua mkoba, na hapohapo, mbele ya watu wote, Waziri akainama na kumpachika mjane nishani juu ya kanga yake.

Makofi yalidumu. Yalipokwisha, Leokadia aliinua macho, akamwona mlangoni mtu mpole, kofia mkononi, akisubiri apate nafasi ya kuzungumza naye. Alikuwa na futi ya kupimia.